Chakula Kinapokwama: Mzio wa Chakula na Uvimbe wa Umio



Katika vijiji vyetu, vya bara na vya delta, neno aleji limekuwa kapu la kutilia kila jambo. Mtu akila kamba akavimba midomo, ni aleji. Akibangua korosho mikono ikababuka, ni aleji. Jamaa nzima ikila jodari aliyelala juani, nyuso zikawaka na vichwa vikauma, ni aleji. Lakini yule anayekula taratibu, anayeshushia kila tonge kwa maji, ambaye nyama humkwama kifuani hata akaondoka mbele ya sinia kimyakimya, huyo haambiwi ana aleji. Huambiwa ana vidonda vya tumbo, au ana maringo ya kula, au ana mkono wa mtu. Somo hili linakusudia kuyapanga mambo hayo upya, kila moja mahali pake, kwa kuwa tiba ya moja siyo tiba ya jingine, na baadhi yake huua.

Katika Kiswahili sanifu jina la aleji ni mzio, na ndilo tutakalolitumia. Umio ni ile njia ya msuli inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, ikipita nyuma ya koromeo na moyo. Neno uvimbe, kila litakapotajwa pamoja na umio, halina maana ya kinyama kilichoota. Maana yake ni utando wa ndani kuwa mwekundu, kuumuka na kupoteza ulaini wake.

Mzio wa ghafla

Mzio ni kosa la kinga ya mwili. Kinga hiyo imeumbwa kupambana na vijidudu na minyoo, lakini kwa baadhi ya watu hukitambua chakula kisicho na madhara kana kwamba ni adui, ikajiandaa kukishambulia kila kinapoingia. Maandalizi hayo hufanyika bila dalili yoyote. Mtu anaweza kula chakula mara nyingi bila tatizo, kisha siku moja mwili ukageuka. Kwa hiyo hoja ya kwamba "nimekula kamba tangu utotoni" haimkingi mtu mzima. Mzio wa kamba na kaa mara nyingi huanza ukubwani.

Ushahidi wa kwanza kwamba mzio wa chakula umo ndani ya damu ulitokana na samaki. Mwaka 1921 madaktari wawili wa Ujerumani, Carl Prausnitz na Heinz Küstner, walifanya jaribio juu ya miili yao wenyewe. Küstner hakuweza kula samaki aliyepikwa bila kuwashwa na kutapika. Prausnitz alikula samaki bila shida. Walichukua majimaji ya damu ya Küstner wakayadunga katika ngozi ya Prausnitz, na siku iliyofuata wakadunga mahali pale pale maji yaliyotokana na samaki. Ngozi ya Prausnitz ikaumuka na kuwasha, hapo tu, si penginepo. Kitu fulani kilikuwa kimehama kutoka kwa mwenye mzio kwenda kwa asiye nao. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kukipa kitu hicho jina: ni kingamwili ya aina ya E, iliyotambuliwa na watafiti wa Marekani na Sweden mnamo 1966 na 1967.

Kingamwili hizo hujipachika juu ya seli zilizojaa kemikali iitwayo histamini, zilizotapakaa katika ngozi, mapafu na utumbo. Chakula husika kikiingia, seli hizo hufunguka kwa pamoja. Ngozi huota vipele vikubwa vya kuwasha, midomo na macho huvimba, tumbo husokota, njia ya hewa hubana na mishipa ya damu hulegea hata shinikizo la damu likaanguka. Yote haya hutokea ndani ya dakika chache, kwa kawaida kabla ya saa mbili kupita tangu kula.

Kinachoshambuliwa ni protini, na kila jamii ya chakula ina yake. Protini ya kamba iitwayo tropomayosini imo pia katika kaa na kambakochi, na inayofanana nayo imo katika mende na katika wadudu wadogo wa vumbi la godoro. Haiharibiwi na moto. Kamba wa kuchemsha, wa kukaanga na wa kukaushwa wote wanayo, na kwa baadhi ya watu hata mvuke wa sufuria hutosha kuamsha pumu. Mwenye mzio huu na aukumbuke uduvi, ambao ni jamii ya kamba na hutiwa kidogo kidogo ndani ya mboga bila kutajwa. Lakini samaki wa mapezi, kama changu, perege au kambale, ana protini tofauti kabisa inayosababisha mzio. Hakuna sababu ya kumnyima samaki mtu aliyedhurika kwa kamba, isipokuwa samaki naye amemdhuru. Vivyo hivyo nazi si ndugu wa korosho. Mwenye mzio wa korosho kwa kawaida anaweza kula wali wa nazi kwa amani. Korosho yenyewe ni kali: kipande kidogo tu kinaweza kuleta shambulio kubwa, kwa hiyo mwenye mzio wake asijipime nguvu kwa kuonja.

Hatari ya kifo huja pale pumzi au mzunguko wa damu unapoguswa. Dalili zake ni sauti kukauka au kubadilika, kukohoa mfululizo, kupumua kwa mlio, ulimi kuvimba, kizunguzungu, kulegea, kuzirai, au kutapika mfululizo pamoja na vipele mwili mzima. Hapo dawa ni moja: adrenalini, ambayo mwongozo wa taifa wa matibabu umeielekeza kwa hali hii. Mtaalamu wa afya huidunga katika msuli wa paja, upande wa nje. Mtu mzima hupewa nusu miligramu, mtoto hupewa kulingana na uzito, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 iwapo hali haijatulia. Piritoni na setirizini hupunguza mwasho wa ngozi, lakini hazifungui njia ya hewa wala hazipandishi shinikizo la damu. Kumpa mgonjwa piritoni kisha kungoja tuone ni kupoteza zile dakika zinazohitajika kumfikisha zahanati.

Wakati wa safari mgonjwa alazwe chali, miguu ikiinuliwa. Anayepumua kwa shida aachwe aketi, na mjamzito alazwe kwa ubavu wa kushoto. Asisimamishwe wala kutembezwa hata kama anasema amepata nafuu, maana kusimama ghafla kumewaua watu waliokuwa wakizungumza dakika moja kabla. Na baada ya sindano asirudishwe nyumbani mara moja. Shambulio la pili huweza kuja saa kadhaa baadaye, bila kula tena.

Wakazi wa Mbwera, Jaja, Msala na vijiji vingine vya delta wanaijua hesabu ya maji kuliko mwandishi yeyote. Kuna saa ambazo mkondo hauna kina cha kupitisha boti, na mgonjwa wa mzio mkali hawezi kungojea maji yajae. Kwa sababu hiyo familia yenye mtu aliyewahi kushambuliwa inapaswa kujua mapema ni kituo kipi kinafikika bila kusubiri maji, na kumuuliza mganga mfawidhi, siku ya kawaida isiyo na dharura, kama adrenalini ipo na muda wake wa matumizi haujapita. Wajumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo ni wawakilishi wa wananchi. Swali hilo wana haki ya kuliuliza katika kikao chochote. Ni dawa ya bei ndogo, na kukosekana kwake ni gharama isiyoweza kulipwa.

Yale yanayofanana na mzio lakini si mzio

Jodari, vibua na samaki wa jamii zao wana nyama yenye kiini ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini, samaki anapokaa bila barafu. Histamini hiyo haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kukausha. Mlaji huwaka uso, huumwa kichwa, moyo hwenda mbio, na pengine huhisi ladha ya pilipili mahali pasipotiwa pilipili. Dalili ni kama za mzio kwa kuwa kemikali ni ile ile, tofauti ni kwamba hii imetoka ndani ya samaki, haikutoka katika mwili wa mlaji. Alama ya kuvitofautisha ni rahisi: tazama sinia. Wakidhurika wengi waliokula samaki yule yule, hiyo ni sumu ya samaki aliyeharibika. Akidhurika mmoja miongoni mwa wengi, na hudhurika kila alapo, huo yaelekea ni mzio. Aliyedhurika kwa histamini anahitaji huduma siku hiyo, lakini hana sababu ya kuacha samaki maisha yake yote. Anayehitaji kubadilika ni mvuvi na mchuuzi: barafu iwekwe tangu samaki anapotoka majini, si anapofika mnadani.

Korosho nayo ina mambo mawili yasiyofanana. Ganda lake lina mafuta makali yanayobabua ngozi na kuacha malengelenge na weusi vidoleni. Wabanguaji wote wanaweza kupatwa nayo, na moshi wake huunguza macho. Kubabuka huko hakuna maana kwamba mtu hawezi kula korosho iliyobanguliwa vizuri. Paka mafuta ya kupikia au vaa glavu, usikae upande unakoelekea moshi, na watoto wasipewe kazi hiyo. Mzio wa kula korosho ni jambo jingine, na aliye nao huenda hajawahi kubangua hata moja.

Kuhusu maziwa, watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hujaa gesi na kuharisha wakinywa maziwa mengi, kwa kuwa utumbo wao umepunguza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Ni usumbufu, si mzio, na maziwa ya mgando mara nyingi huwafaa.

Nyama ya kasa ni habari ya msiba. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Hiyo ni sumu iliyomo ndani ya nyama yenyewe. Haitoki kwa moto na haina dawa ya kuiondoa. Licha ya hayo, kuvua kasa ni kosa kisheria.

Mzio wa polepole: umio

Tuliyokwisha kuyataja huja kwa kishindo, kwa hiyo huonekana. Ugonjwa wa umio hauji hivyo. Hautoi vipele wala hauvimbishi midomo, na kati ya kula na kuumia hupita siku au wiki, hata mgonjwa asiweze kuunganisha chakula na maradhi. Hapa seli zinazohusika zaidi ni eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ya kawaida ni kupambana na minyoo. Sisi wa ukanda wenye kichocho na minyoo tunazo za kutosha katika damu. Katika umio wenye afya, hata hivyo, hazitakiwi kuwapo. Chakula fulani kinapouchokoza mwili kila siku, eosinofili huingia katika utando wa umio na kumwaga kemikali zao. Utando huumuka, ukiachwa miaka mingi hujenga makovu, njia ikapungua upana na kupoteza uwezo wa kutanuka.

Zamani madaktari walipoziona seli hizo katika umio walidhani ni matokeo ya asidi ya tumbo kupanda juu. Ugonjwa ulitambuliwa kuwa unajitegemea kwa maandiko mawili yaliyochapishwa mwaka 1993 na 1994, la kwanza likiongozwa na Stephen Attwood na la pili na Alex Straumann wa Uswisi. Kwamba chakula ndicho chanzo kulidhihirika mwaka 1995 nchini Marekani: watoto 10 waliokuwa wakitapika kwa muda mrefu na kutosaidiwa na dawa za asidi waliondolewa vyakula vya kawaida, wakapewa maziwa maalumu ambayo protini yake imevunjwavunjwa kabisa. Wanane walipona dalili zote na wawili wakapata nafuu. Walipoanza kurudishiwa vyakula, dalili zilirudi pamoja navyo.

Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hajijui, kwa kuwa amejifunza kuishi na ugonjwa wake. Hutafuna muda mrefu kuliko wenzake. Huweka kikombe cha maji karibu na kila tonge hulisukuma kwa funda moja. Hukata nyama vipande vidogo, huichovya chapati katika mchuzi mpaka ilowe, hukwepa mkate mkavu na muhogo wa kuchoma. Katika nyumba ya sahani moja moja tabia hizo hazina madhara makubwa. Lakini sisi tunakula pamoja kwenye sinia, na anayekula taratibu hupata kidogo. Mtoto wa namna hiyo hukonda mbele ya chakula, na mama yake hulaumiwa. Mtu mzima huanza kukataa mialiko ya harusi na hitima, akiogopa kukwamiwa mbele za watu. Wote hao watakuambia kwamba hawaumwi, ila "nina koo dogo" tu.

Kwa mtoto mchanga dalili huwa ni kutapika mara kwa mara, kukataa kulishwa na kutoongezeka uzito. Kwa mtoto mkubwa ni maumivu ya tumbo, kushindwa kula vyakula vigumu na kutumia muda mrefu mno mezani. Kwa kijana na mtu mzima ni chakula kukwama. Ugonjwa huwapata zaidi wanaume kuliko wanawake, na wengi wao wana pumu, pumu ya ngozi au mafua yasiyoisha ya mzio, wao wenyewe au ndugu zao wa damu.

Si kila chakula kinachokwama ni kwa sababu ya mzio, na hapa inatupasa kuwa waangalifu kuliko popote. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, tangu Ethiopia hadi Afrika Kusini, Tanzania ikiwamo, ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye saratani nyingi ya umio. Mtu wa makamo ambaye miezi michache iliyopita alikula vizuri, kisha ugali ukaanza kumshinda, baadaye wali, baadaye uji, huku akikonda, asitibiwe vidonda vya tumbo kwa kubahatisha. Apelekwe hospitali mara moja. Fangasi wa umio huwapata wenye kinga dhaifu, hasa wenye maambukizi ya VVU ambao hawajaanza dawa. Na mtoto aliyekunywa kostiki ya kutengenezea sabuni huweza kupata kovu linaloziba umio. Vikundi vinavyotengeneza sabuni majumbani viihifadhi kostiki mahali pa juu, katika chombo chenye kifuniko na alama, kamwe si katika chupa ya maji au ya soda.

Kupima na kutibu

Ugonjwa huu hautambuliki kwa kumtazama mgonjwa wala kwa kipimo cha damu. Wingi wa eosinofili katika damu ya mkazi wa kwetu huweza kuwa ni kazi ya minyoo tu. Kipimo chenyewe ni endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaoshushwa kupitia mdomoni. Daktari hutazama utando, kisha hunyofoa vipande vidogo sana sehemu kadhaa, na maabara huhesabu seli kwa hadubini. Zikifika 15 au zaidi katika duara moja la lenzi kali, na mgonjwa akiwa na dalili, ugonjwa huwa umethibitika baada ya sababu nyingine kuondolewa. Huduma hii haipo zahanati. Njia yake ni ya rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi iliyoko Kibaha, na Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kufuata ngazi hizo kunachosha, lakini barua ya rufaa iliyoandikwa vizuri humwokoa mgonjwa na gharama ya kuanza upya kila anapofika.

Mwandishi anapenda kusisitiza jambo moja ambalo husahauliwa: mwambie daktari kwa maneno yako kwamba chakula kinakwama. Usiseme "tumbo linanisumbua" wala "nina kiungulia" ikiwa tatizo ni kukwama. Neno moja likikosewa, mgonjwa huondoka na dawa za vidonda vya tumbo na kurudi baada ya mwaka akiwa na tatizo lile lile.

Tiba ni za namna tatu. Ya kwanza ni vidonge vya kupunguza asidi vya jamii ya omeprazoli, ambavyo huwatuliza wagonjwa wengi, ingawa si wote. Hunywewa kwa kipimo na muda alioweka daktari, si kwa siku mbili za maumivu. Ya pili ni steroidi inayomezwa ili iupake umio, dawa zile zile ambazo wenye pumu huzivuta. Mgonjwa akishaimeza hasli wala hanywi kwa nusu saa, na kabla ya kuanza daktari hupenda kujua kama ana minyoo, ili aitibu kwanza. Asiyeandikiwa asijaribu kumeza dawa ya pumu ya jirani. Umio uliokwisha kusinyaa hutanuliwa hospitalini kwa vifaa maalumu. Ipo pia sindano mpya iitwayo dupilumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa ugonjwa huu, lakini bei yake ni ya kutisha.

Ya tatu ni chakula chenyewe. Vyakula vinavyoongoza kuuchokoza umio ni maziwa ya mnyama, ngano, mayai, soya, jamii ya karanga na korosho, na samaki pamoja na kamba. Hapo mwanzo wagonjwa waliondolewa makundi yote sita kwa pamoja. Mwaka 2023 matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa watu wazima 129 yalionyesha kwamba kuacha maziwa peke yake kuliwatuliza asilimia 34, na kuacha makundi yote sita kuliwatuliza asilimia 40. Tofauti ni ndogo. Habari hiyo ni njema kwetu. Mkazi wa delta anayeambiwa aache samaki, kamba, karanga na mayai kwa pamoja atabaki na wali na matembele, na mwili hauwezi kukaa hivyo. Akianza na maziwa, anaacha chai ya maziwa, maziwa ya unga na baadhi ya mikate na biskuti, na anabaki na samaki wake. Tui la nazi si maziwa ya mnyama, linaruhusiwa. Anayeondolewa ngano naye ana bahati ya kuishi penye mpunga na muhogo: ugali wa muhogo, wali, na vitumbua vya mchele mtupu humtosha, ilimradi mpishi asichanganye unga wa ngano.

Kwa familia zenye watoto, uji wa lishe unahitaji neno lake. Ni chakula kizuri, lakini mara nyingi katika unga mmoja hukusanywa mahindi, ulezi, soya, karanga, na pengine dagaa. Mtoto akidhurika nao hakuna ajuaye ni kipi. Wauzaji waandike kila kilichomo, na mama mwenye wasiwasi asage nafaka peke yake kisha aongeze kimoja kimoja.

Hata hivyo hofu ya mzio isigeuke kuwa njaa. Bado zipo nyumba ambamo wajawazito na watoto hukatazwa mayai kwa mila, na sasa neno aleji limekuwa sababu mpya ya katazo lile lile. Utafiti uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2015 ulichukua watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya mzio. Nusu yao walilishwa vyakula vya karanga tangu uchanga, nusu walikatazwa. Walipofika miaka 5, waliopata mzio wa karanga miongoni mwa waliokatazwa walikuwa asilimia 17. Miongoni mwa waliolishwa walikuwa asilimia 3 tu. Kunyima kulizidisha ugonjwa. Mtoto akitimiza miezi 6 apewe yai lililoiva, samaki aliyetolewa miiba na karanga iliyosagwa laini ndani ya uji, huku akiendelea kunyonya. Karanga nzima asipewe mpaka akue, kwa kuwa humpalia. Na mtoto aliyekwisha kupata shambulio au mwenye pumu kali ya ngozi aonwe kwanza na mtaalamu.

Tonge likikwama

Mazoea yetu mwiba ukikwama ni kumeza tonge kubwa la ugali au ndizi ili liusukume. Kwa chakula kilichokwama katika umio mgonjwa, mazoea hayo ni ya hatari. Shinikizo huweza kuupasua umio uliokwisha kukakamaa, na vivyo hivyo kujitapisha kwa nguvu. Aliyekwamiwa aache kula, aketi wima, atulie. Wengi hufunguka wenyewe baada ya muda mfupi. Akiwa hawezi kumeza hata mate yake, anayatema au yanamtiririka, au ana maumivu makali ya kifua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku usingojwe.

Hali hiyo isichanganywe na kupaliwa. Aliyekwamiwa katika umio anapumua na anasema. Aliyepaliwa hawezi kusema, hawezi kukohoa, na rangi ya midomo hubadilika. Huyo apigwe kwa kiganja mara 5 kati ya mabega akiwa ameinama, kisha ashikwe kutoka nyuma na kubanwa juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5, zamu kwa zamu, mpaka kitoke. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo. Hulazwa kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, akapigwa mgongoni, kisha akageuzwa na kubonyezwa katikati ya kifua.

Kabla ya kwenda kituoni kwa shida yoyote kati ya hizi, andika katika daftari, au mwombe mwanafunzi wa nyumbani akuandikie: ulikula nini na kilipikwa na nini, ilipita muda gani kabla ya dalili, nani mwingine alikula na alipatwa na nini, ni mara ya ngapi, na ni vyakula gani umeviacha kwa sababu hupitisha kwa shida. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto ionekane mstari wa uzito wake, na dawa zote unazotumia, zikiwamo za mitishamba, katika mfuko mmoja.